Miguu ya Mwanaidi

Matangani, wanawake walikuwa wameketi mkekani. Miguu ya Mwanaidi, mke wa marehemu, ilirukaruka yenyewe chini ya kanga, kama kila anapokaa.

"Wifi, umefiwa au unacheza ngoma?" dada wa marehemu akamuuliza, wote wakisikia.

Mwanaidi akaikandamiza kwa mikono, isitulie. Alitamani kusimama atembee, lakini wangesema hana uchungu.

Mama mkwe wake, Bi Saumu, akasogea karibu. "Mwanangu alikuwa akifanyaje ikikuruka hivi?"

"Akiiegemea, mama," Mwanaidi akanong'ona. "Huku tukiongea."

Bi Saumu akainyoosha miguu ile, akailalia kwa kifua. Ikaendelea kuruka, na mabega ya Bi Saumu yakatikisika nayo, hata binti yake, yule wifi, asijue kama mama analia.