Mkono wa Baba

Tangu watu waache kutembeleana, wageni huketi mezani wakiwa picha. Kila Jumapili, Tumpale, fundi wa kompyuta mjini Mbeya, alimwandalia baba yake kiti, na kompyuta ikamchora mzee pale akinywa chai yake kule kwake Tukuyu, safari ya saa moja na ushei tu.

Mwaka jana mkono wa mzee ulianza kutetemeka.

“Usihangaike, Baba, ni draiva tu, programu inayoendesha kadi ya picha,” alisema Tumpale, akaweka mpya, ile inayolainisha kila kinachotikisika. Mkono ukatulia tuli. Akajisifu moyoni.

Jumapili hii picha ikawa inagandaganda. Tumpale akafanya kama afanyavyo kwa wateja: akaizuia kadi isiisaidie kompyuta kuchora, apate kuona tatizo liko wapi. Picha ikarudi, nzito, yenye chenga, lakini haikulainishwa.

Mzee alikishika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai ilimmwagikia shatini, juu ya madoa ya zamani.

“Baba! Tangu lini?”

“Si tangu ile siku uliyosema ni draiva?”

“Sasa mbona hukuniambia tena?”

Mzee aliutazama mkono wake, kama anayeuonea haya.

“Ningesema nini, mwanangu? Fundi ni wewe. Uliniambia umeshatengeneza, nami nikawa nasubiri mkono utulie.”