Siti ya Kurudi

"Kwenda tu, au kwenda na kurudi?" aliuliza karani wa tiketi kwenye stesheni ya treni ya Rostock, kaskazini mwa Ujerumani.

"Kwenda tu, mpaka Munich," akadakia mwanamume aliyesimama na mama yake. "Mama anahamia kwangu."

Gerda, mama mwenyewe, hakuna aliyemuuliza. Aliubana ufunguo wa nyumba yake, uliokuwa ukining'inia shingoni, mpaka ukamchoma kiganjani.

"Kwenda na kurudi," alisema.

"Mama, si tulishakubaliana?"

"Ulikubaliana na mkeo."

Karani alikohoa kidogo. "Na siti nikuwekee, bibi? Inalipiwa mbali na tiketi."

"Ya kwenda achana nayo, binti. Nitasimama mpaka Munich." Gerda alikisogelea kioo cha karani. "Ya kurudi, niwekee ya dirishani."