Mguu wa Kulia

Tangu watu wapigwe marufuku kushika usukani, madereva walibaki kwenye uwanja wa mbio za magari tu. Bi Kidawa alimpeleka mke wa mwanawe, Mwanaidi, kwa mara ya kwanza.

"Ziba masikio mapema, mwanangu. Kaa mbali na matairi ya nyuma. Na usipepese macho, ukipepesa, imekwisha."

Taa ikawa kijani. Mngurumo ukampanda Mwanaidi kutoka nyayoni hadi mbavuni, magari mawili yakafyatuka, ukabaki moshi na harufu ya mpira ulioungua. Alijikuta analia, hajui kwa nini.

Wakirudi nyumbani, gari lao lisilo na usukani wala pedeli lilijiendesha taratibu. Kisha likauliza kwa upole: "Mwanaidi, mguu wako wa kulia unakanyaga nini hapo chini?"

Bi Kidawa akamfinya paja asijibu. Hilo ndilo alilosahau kumwonya: gari humripoti kila abiria ambaye mguu wake unatafuta pedeli.