Kwa Ombi Lake Mwenyewe

Lori limeshawashwa, godoro la muuguzi limefungwa juu na mumewe amepakata jiko, ndipo karani wa hospitali akaja mbio na fomu.

“Dada, saini. Unahamia zahanati kwa ombi lako.”

“Ombi langu? Si mmenihamisha nyie!”

“Anayehamishwa hulipwa fidia. Anayeomba hapewi kitu. Usiposaini, mshahara unasimama.”

“Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!” mumewe akafoka.

“Kwani nimeibeba mimi, shemeji?”

Kalamu ilikuwa imelowa jasho la karani. Muuguzi akaandika kama anavyoandika kwenye chati ya mgonjwa aliyegoma kunywa dawa: “Amepewa. Amekataa. Saa mbili na robo.” Chini akasaini.

Karani aliona saini, akagonga muhuri bila kusoma.

Mshahara uliendelea, fidia haikuja. Karani alipanda cheo. Mume alirudi mjini na jiko lake. Muuguzi yuko zahanati bado. Fomu imo failini, hakuna aliyeisoma.