Shamba Limepiga Simu

Simu ya Nkuba iliita asubuhi akiwa na binti yake sokoni Rujewa, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa SHAMBA.

Binti ndiye aliyeliandika. Jana alitega kwenye jaruba lao la mpunga dumu tupu la mafuta ya kula, akalifungia kitochi, simu ya zamani ya vitufe, na betri ya pikipiki. Maji ya zamu yao yakiingia, dumu lingeelea, kitufe cha simu kingebonyezwa na shamba lingepiga lenyewe. Sasa alikuwa anamrekodi baba yake, video aitume kwenye kundi lao la wabunifu mtandaoni, ambako watu hutumiana habari za roboti za Japani na kampuni changa za Dar.

"Usipokee, baba. Ikiita tu, ujue maji yamefika."

Lakini Nkuba hakuzoea kupigiwa akanyamaza. Alivua kofia, akakohoa kidogo, akabonyeza kwa dole gumba lililopasuka kwa miaka ya matope.

"Mwangaluka," akaliamkia shamba kwa Kisukuma.

Binti akaangua kicheko hadi video ikatikisika.

Upande wa pili hapakuwa na mtu. Palikuwa na sauti ndogo, nzito, ya kumeza na kumeza tena, kama koo la ng'ombe aliyefika mtoni na kiu ya siku nzima.

"Baba, kata basi! Salio la shamba litaisha."

Nkuba alimwinulia mkono. Simu aliigandamiza sikioni kwa nguvu zaidi.

"Ngoja kwanza," alinong'ona. "Linakunywa."