Foleni ya Mkuyuni

Otuoma aliiona foleni, na kabla hajajua ni ya nini, tayari alikuwa ndani yake.

Miaka ya shida ndiyo iliyomfundisha. Enzi zile ukiona watu wamepangana dukani unaingia kwanza. Mengine utayajua mbele ya safari. Kwa mtindo huo aliwahi kupata sukari, sabuni, na siku moja kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto. Alizivaa hivyo hivyo na kumshukuru Mungu.

"Ni ya kazi," alisema mama aliyekuwa mbele yake, Getruda, aliyebeba mtoto mgongoni. "Wazungu wa minofu ya samaki wamelinunua hili ghala la shirika la umma. Wanaandika watu leo."

"Nani kasema?"

"Kwani wewe unadhani watu wote hawa wamekuja kuota jua?"

Jibu hilo lilimtosha. Siku hiyo hata jibu dogo zaidi lingemtosha, maana jioni baba mkwe wake, Mzee Ogada, alikuwa anashuka na basi la kutoka Shirati. Mzee alimwoza binti yake Akelo kwa "kijana wa kiwandani", na hadi leo hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kiwanda cha nguo kilishampunguza kijana wake tangu mwaka jana. Siku hizi nyumba ilikula kwa mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Akelo aliyakaanga na kuyauza kule Igoma.

"Baba akiuliza unafanya kazi wapi, utajibu mwenyewe," Akelo alikuwa amemwambia asubuhi ile. "Mimi baba yangu simdanganyi."

Kwa hiyo Otuoma alihitaji kazi kabla ya jioni. Kazi yoyote, hata ya kufukuza paka.

Getini hapakuwa na tangazo. Alikuwepo mlinzi tu, mzee Nkwabi, na rungu lake.

"Shikamoo, mzee. Wanaanza saa ngapi?"

"Marahaba. Mimi nalinda geti, mwanangu. Mambo ya ofisi waulize wa juu."

Otuoma akatazama juu, moyo ukamruka kwa furaha. Kwenye dirisha la ghorofani alisimama Chenge, tai shingoni, akiwaangalia. Chenge! Wa kwaya ya kanisani kwao!

"Yule bwana mimi na yeye tunaimba besi pamoja," akamwambia Getruda, kwa sauti ya kuwatosha hata watu wa nyuma.

"Usituringie, baba. Aliye juu mngoje chini."

Jua likapanda. Foleni ikarefuka hadi kwa fundi baiskeli, ikakata kona. Kila Otuoma alipoinua macho, Chenge alikuwa pale pale dirishani. Hatimaye Nkwabi akaitwa juu, akashuka na swali.

"Bwana Chenge anauliza, mmefika hapa tangu saa ngapi?"

Watu wakafurahi. Bosi anapenda wanaowahi! Kila mtu akataja alfajiri, na mmoja akaapa kwamba alilala pale pale barabarani.

Nkwabi akapanda tena, akashuka tena.

"Anauliza kama mmekuja na vyeti."

Nusu ya foleni ikatimua mbio kwenda nyumbani, kila mmoja akiacha jiwe limshikie nafasi, kama wakati wa sukari. Otuoma alicheka peke yake. Tangu apunguzwe, cheti chake cha darasa la saba kilikuwa kinalala mfukoni mwa shati.

Swali la tatu lilikuwa baya zaidi.

"Anauliza kama wapo waliozidi miaka arobaini."

Otuoma, aliyeiacha arobaini nyuma kitambo, akavuta tumbo ndani. Getruda alisema yeye ana thelathini na moja, na huyu mgongoni si mjukuu hata kidogo, ni kitinda mimba wake.

Nkwabi alipeleka majibu. Aliporudi aliokota jiwe, akaenda kuliweka mkiani mwa foleni.

"Na wewe, mzee? Si una kazi?" Otuoma akamuuliza.

"Jiwe halina ubaya," akajibu Nkwabi. "Liache tu likae."

Alasiri ikaingia. Basi la Shirati sasa lingekuwa limefika Magu. Otuoma aliogopa, na hakuona haya kukiri kwamba anaogopa. Akaomba kimoyomoyo.

Ndipo geti likafunguka.

Chenge alitoka na tai yake, bahasha ya kaki kwapani. Foleni nzima ikasimama. Mashati yakachomekwa, mtoto wa Getruda akafutwa kamasi. Chenge alianza kutembea taratibu kutoka mbele, akitazama uso mmoja mmoja kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Akampita wa kwanza. Akawapita wengine. Akampita Getruda.

Mbele ya Otuoma akasimama, akatabasamu.

"Besi!" akasema. Akampa mkono, na hakuuachia.

Foleni ikashusha pumzi kwa uchungu. "Ndiyo nchi yetu hii," mtu akalalamika nyuma. "Kujuana tu!" Getruda akabetua midomo. Lakini Otuoma hakuwasikia tena. Alikuwa anamwona Mzee Ogada mezani, mguu wa kuku mkononi, akiuliza habari za kazi, naye anajibu bila kupepesa macho. Machozi yakamlengalenga. Kwa mkono wa pili akachomoa cheti.

Chenge akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama sikioni kwake.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "hebu nipenyeze hapo mbele yako. Sisi wa shirika hatujaambiwa kitu. Wanaandika watu wa kazi gani?"