Jozi ya Kumi na Saba

Mwalimu Agnela alifuta neno "nimefurahi", akaandika "nimefurai". Akasoma tena. Mtoto wa darasa la tano hakosei mara moja tu, kwa hiyo akaondoa na vituo viwili vya mwisho wa sentensi. Kisha akatuma. Chini ya ukurasa likatokea jina la mwandishi: Princess, Njiro.

Mradi ulianza Januari. Shule ya Njiro aliyofundisha Agnela iliunganishwa na shule moja ya upande wa magharibi wa Mlima Meru, watoto wakapangwa wawili wawili, jozi thelathini na mbili. Kila jozi ilikuwa na ukurasa wake kwenye blogu, usioonwa na mwingine ila walimu. Kila Jumanne mtoto alijibu maswali matatu: wiki hii nimejifunza nini, nimehisi nini, nataka kumuuliza rafiki yangu nini. Wa Njiro waliandika kwenye kompyuta za shule. Wa kule walipokezana kishikwambi cha mwalimu wao, Solomoni.

Jozi ya kumi na saba ilikuwa Princess na Resiato. Princess alikuwa mwanafunzi wa Agnela, na alikuwa mwanawe wa pekee. Alifariki mwezi wa tatu, homa ya siku nne. Wakamzika Kibosho, kihambani, kwenye shamba la migomba la babu yake, na baada ya wiki mbili Agnela akarudi darasani kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Mwalimu mkuu, Melkizedeki, alitaka kuwaarifu wenzao wa kule.

"Niachie, Mkuu. Huyo mtoto nitamwandikia mwenyewe," Agnela alisema.

Akafungua ukurasa, na vidole vikaandika: Resiato, samahani nimechelewa, nilikuwa naumwa. Hakulia. Hata kushangaa hakushangaa. Aliitazama ile sentensi kama mtu anavyotazama nguo za jirani kambani, akaituma.

Tangu hapo, kila Jumanne kwa nusu saa, alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Muda mwingine wote hakuwa mtu yeyote. Alisahihisha madaftari, alisimamia chakula cha mchana, alirudi nyumbani kwa mumewe, wakakaa mbele ya taarifa ya habari bila kuisikia. Walimu waliozoea kumwita Mama Princess walihamia taratibu kwenye Mwalimu Agnela, kila mmoja akidhani hajagunduliwa. Hilo nalo halikumuuma. Kilichomtisha ni kwamba hakuna kilichomuuma tena, isipokuwa ile nusu saa.

Resiato hakukosa kujibu hata wiki moja. Mwanzoni maswali yake yalikuwa ya bwawa la kuogelea, na kama ni kweli piza inaletwa na pikipiki. Baadaye yakabadilika. Je, unakula? Je, jana ulilala? Agnela akaona mtoto ameishiwa maswali. Akamjibu kwamba anakula ugali mwingi na analala sana.

Mwezi wa saba Resiato aliandika hivi: "Nimejifunza kwamba ndama akifa ngozi yake inajazwa majani, anawekewa mama yake. Anailamba, maziwa yanatoka. Nilimwambia bibi tunamdanganya. Bibi akasema ng'ombe anajua, mwache tu alambe. Nimehisi huruma. Swali langu, wewe ungemwacha?"

Agnela aliisoma mara nne. Akajibu, kwa makosa mawili ya tahajia, kwamba angemwacha.

Mwezi wa nane Melkizedeki akaingia ofisi ya walimu akisugua viganja kwa furaha. "Ijumaa ijayo wenzetu wanakuja! Basi limeshapatikana. Jozi zote zikutane uso kwa uso."

Watoto wakaanza kuchora kadi za majina. Abdiel, kiranja wa darasa, akainua mkono. "Teacher, yule wa Princess atakaa na nani?"

"Atakaa na mimi."

"Tumwambie kwamba Princess...?"

"Msimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe."

Mtoto mmoja tu angemtangulia, Resiato angejua kwamba kwa miezi mitano ameandikiana na marehemu. Aibu hiyo Agnela angeimeza. Ila ukurasa ungefungwa, na Princess angekufa mara ya pili, na Agnela hakuwa na uhakika kama yeye mwenyewe angebaki. Kwa hiyo akatunga uongo, akaukariri bafuni: Princess amehamia kwa shangazi yake kijijini, lakini ataendelea kuandika. Na angemshika yule mtoto mkono kutwa nzima, asibaki na wengine hata dakika.

Ijumaa saa nne asubuhi basi likaingia getini. Wageni wakashuka na masweta ya kijani, kadi za majina vifuani, vumbi hadi magotini. Wa Njiro wakawakimbilia wakipaza majina ya wenzao. Agnela alisimama kwenye ngazi za ofisi, akisoma kadi moja moja.

Msichana mmoja mrefu, mwembamba, hakutazama kadi ya mtu yeyote. Alimuuliza Solomoni kitu kwa sauti ya chini, naye Solomoni akaonyesha ngazi kwa kidevu. Msichana akapita katikati ya kelele zote, akaja moja kwa moja. Kadi yake iliandikwa Resiato.

"Karibu, mwanangu," Agnela alianza. "Sasa, Princess ame..."

Msichana akainamisha kichwa, kama watoto wa kwao wanavyowasalimia wakubwa, akangoja mkono. Agnela akamwekea kiganja utosini.

"Shikamoo, Princess," Resiato alisema.